Charlotte Cooper na medali ambayo hakuwahi kuvalishwa

Kila Olimpiki inapokaribia, picha moja ya zamani huanza kuzunguka kwenye simu za watu. Mwanamke mwembamba wa Kiingereza, mcheza tenisi, sketi inayofika kwenye vifundo vya miguu, raketi ya mbao mkononi. Chini yake pameandikwa kwamba huyu, Charlotte Cooper, ndiye mwanamke wa kwanza duniani kuvalishwa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Nimeletewa picha hiyo mara nyingi, na kila mara najikuta nataka kumrudia aliyenitumia na maelezo marefu. Mama huyu nampenda sana, ndiyo maana inaniuma kuona anasifiwa kwa jambo ambalo halikutokea, huku yale aliyoyafanya kweli yakiachwa. Basi nizipitie dhana zinazosemwa, moja baada ya nyingine.

"Alivalishwa medali ya dhahabu Paris, 1900."

Hapana. Mwaka 1900 hakukuwa na medali za dhahabu za kuvalishwa washindi. Utaratibu wa dhahabu, fedha na shaba ulianza kwenye michezo ya 1904 kule St. Louis, Marekani. Paris washindi walipewa vikombe na tuzo za aina nyingine. Ni baadaye kabisa ndipo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipopanga kumbukumbu zake na kuwahesabia washindi wa miaka ile medali kana kwamba walizipokea siku ileile.

Tena mtu asidhani michezo yenyewe ilifanana na tunayoitazama leo. Ilipachikwa ndani ya Maonyesho ya Dunia ya Paris, ikatandazwa kuanzia Mei hadi Oktoba, na wapo washindani ambao hawakutambua kuwa walichocheza kilikuwa Olimpiki. Mashindano ya tenisi ya wanawake yalifanyika kwenye kisiwa cha Puteaux, katikati ya mto Seine, na waliocheza mmoja mmoja walikuwa sita tu. Tarehe 11 Julai Charlotte alimfunga Mfaransa Hélène Prévost 6-1, 6-4. Kisha akashinda pia mchezo wa wawili wawili wa mchanganyiko, mwanamke na mwanamume, akiwa na Reginald Doherty.

"Basi angalau ni mwanamke wa kwanza kushinda Olimpiki."

Hapa ukweli uko karibu sana na dhana, ndiyo maana kosa halifutiki. Aliyetangulia ni Hélène de Pourtalès wa Uswisi, ambaye tarehe 22 Mei mwaka huohuo alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa boti ya matanga ya Lérina pamoja na mumewe, na boti yao ikashinda. Charlotte ni wa kwanza kushinda akiwa peke yake, bila timu. Neno "peke yake" likiachwa, mwanamke mwingine anafutwa kwenye historia, na Charlotte mwenyewe haongezewi chochote.

"Alikuwa binti wa kitajiri, tenisi ilikuwa ya kupitishia wakati."

Kwa sababu ya zile sketi na kofia, watu huwaweka wachezaji wote wa enzi ile kwenye kapu moja la mabinti wa majumba makubwa. Wapo waliotoka huko. Kwenye michezo ya Paris alikuwepo Marion Jones, binti wa seneta wa Nevada. Lakini Charlotte, aliyezaliwa Ealing, magharibi ya London, tarehe 22 Septemba 1870, alikuwa kitinda mimba kati ya watoto sita wa Henry Cooper, mtu wa biashara ya kusaga nafaka. Watu wa uwezo wa kati, wenye riziki yao, si mabwana wa mashamba. Tenisi alijifunzia kwenye klabu ya mtaani kwao, Ealing.

Wimbledon, kwenye mashindano makubwa ya tenisi ya London, alikwenda kwa baiskeli, raketi ikiwa imebanwa kwenye foku ya mbele. Hebu liwazie hilo kidogo. Bingwa anapiga pedali barabarani na sketi yake ndefu, anafika, anacheza fainali, anarudi kwao kwa baiskeli ileile.

Na mchezo wake haukuwa wa kupitishia wakati. Alianzisha mpira kwa kuupiga kutoka juu ya kichwa, jambo ambalo wanawake wachache walilifanya wakati huo, na alipenda kusogea kwenye neti na kuukata mpira kabla haujadunda. Taji lake la kwanza la Wimbledon, mwaka 1895, alilipata kwa kumshinda Helen Jackson baada ya kuachwa 0-5 katika seti zote mbili. Matokeo yakasomeka 7-5, 8-6. Mtu asiye na dhamira hatoki kwenye shimo la namna hiyo mara mbili ndani ya mchana mmoja.

"Wachezaji viziwi ni jambo la siku hizi."

Hili ndilo ambalo picha ile haisemi, na mimi ningelitanguliza kabla ya mengine yote. Charlotte alikuwa kiziwi tangu akiwa na umri wa miaka 26. Alishinda Wimbledon mara tano: 1895, 1896, 1898, 1901 na 1908. Piga hesabu: matatu kati ya mataji hayo, pamoja na ushindi wa Paris, yalikuja akiwa tayari hasikii.

Aliyewahi kushika raketi anajua maana yake. Mpira unapoondoka kwenye nyuzi za mpinzani, sikio hupata habari mapema: kama umepigwa kwa nguvu, kama umekatwa, kama umegusa ukingo wa raketi. Mchezaji anaanza kusogea kwa sauti hiyo. Charlotte ilibidi asome yote kwa macho, kwa bega la mpinzani, kwa mkono, kwa mpira wenyewe ukiwa hewani. Na bado alikuwa akiusogelea, anakwenda mbele kwenye neti ambako muda ni mfupi zaidi.

"Mwanamke akiolewa na kuzaa, michezo imekwisha."

Hii si dhana ya Uingereza ya zamani tu. Hata kwetu bado inasemwa sebuleni, tena na watu wenye nia njema.

Januari 1901 Charlotte aliolewa na wakili Alfred Sterry, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, na ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa chama cha tenisi cha Uingereza. Miezi michache baada ya harusi alimfunga Blanche Hillyard 6-2, 6-2 na kutwaa taji la nne. Kwa kuwa orodha za zamani zilimwandika kwa jina la mumewe, anayezisoma haraka anaweza kudhani Miss Cooper na Mrs Sterry ni mabingwa wawili tofauti. Ni mtu mmoja.

Halafu wakaja watoto, Rex na Gwen. Mwaka 1908, akiwa mama wa watoto wawili wadogo, alirudi na kutwaa tena taji la Wimbledon akiwa na umri wa miaka 37 na siku 282. Rekodi hiyo ya bingwa wa kike mwenye umri mkubwa zaidi katika mchezo wa mmoja mmoja Wimbledon haijavunjwa. Serena Williams aliikaribia kabisa mwaka 2019: laiti angemshinda Simona Halep kwenye fainali, angempita Charlotte kwa siku chache tu. Na wanaodhani 1908 ilikuwa kuaga, Charlotte alifika fainali tena mwaka 1912 akiwa na miaka 41.

Kina mama waliowahi kutwaa taji hilo ni wanne tu. Baada ya Dorothea Lambert Chambers mwaka 1914, ilibidi kungoja hadi Evonne Goolagong mwaka 1980.

"Familia haikuacha alama."

Iliacha, ila kwa majina mengine, kama inavyokuwa kwa uzao unaopitia kwa binti. Gwen alicheza Wimbledon na kuiwakilisha Uingereza katika Kombe la Wightman, mashindano ya timu za wanawake wa Uingereza na Marekani, kisha akaolewa na Max Simmers, mchezaji wa raga wa timu ya taifa ya Scotland. Mtoto wao Brian naye akaichezea Scotland raga. Rex alikuwa makamu mwenyekiti wa klabu inayoendesha Wimbledon. Anayetafuta jina la Cooper kwenye vizazi hivyo hatalipata.

Mwaka 1961 Charlotte mwenyewe, bibi wa miaka 90, alipanda ndege kutoka Scotland kwenda London kula chakula cha mchana na mabingwa wenzake, Wimbledon ilipoadhimisha mashindano yake ya 75. Alifariki Helensburgh, Scotland, tarehe 10 Oktoba 1966, akiwa na miaka 96.

Viwanja alivyokaribishwa siku ile si vile alivyoshindia. Mashindano ya Wimbledon yalihamia viwanja vya barabara ya Church Road mwaka 1922. Mataji yake yote matano aliyachukua kwenye uwanja wa awali, barabara ya Worple Road, na uwanja huo wa zamani ungalipo: ni uwanja wa michezo wa shule ya wasichana.