Panya-ukungu: hesabu ya maji ya mnyama wa kubuni

Mimi ni mtaalamu wa elimu ya wanyama na nafundisha biolojia hapa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako mvua huzama upesi ardhini na wazee wetu walilazimika kushuka mabonde ya mbali kuteka maji. Kwa sababu hiyo wanafunzi wangu wanaelewa haraka ninapowaambia kwamba maisha ya jangwani ni hesabu ya maji yanayoingia mwilini na yanayotoka. Ili kuifanya hesabu hiyo, tulimbuni mnyama mmoja, panya-ukungu, mwenye uzito wa gramu 60, tukamweka kwenye matuta ya mchanga ya jangwa la Namib.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kumpa nundu ya kuhifadhia maji kama ngamia. Nililikataa, kwa kuwa nundu ya ngamia imejaa mafuta. Ni kweli kwamba gramu 1 ya mafuta inapotumika mwilini huzalisha maji yanayozidi kidogo gramu 1. Lakini kazi hiyo inahitaji oksijeni nyingi, oksijeni hupatikana kwa kupumua, na kila pumzi inayotoka katika hewa kavu huondoka na unyevu, hata faida yote ikaweza kupotea puani. Nundu ni ghala la chakula.

Basi tulianza na pua yenyewe. Kama panya kangaruu wa Marekani, ambaye anaweza kuishi kwa mbegu kavu bila kunywa, panya-ukungu ana njia za pua nyembamba na za baridi, ambamo sehemu ya mvuke wa pumzi hugeuka matone kabla haijatoka. Mchana hukaa shimoni, kwenye hewa yenye unyevu, na figo zake hutoa mkojo mchache uliokolea mno.

Masikio makubwa kama ya mbweha feneki niliyakubali kwa ajili ya kusikia usiku tu. Sikio hupoza damu pale hewa inapokuwa baridi kuliko mwili. Hewa ikiwa na nyuzi 45, sikio hilohilo huingiza joto.

Ukungu wa Namib hutoka baharini, juu ya mkondo baridi wa Benguela, na wapo mbawakawa wanaosimama kileleni mwa tuta, kichwa chini, matone yakateremka hadi mdomoni. Manyoya ya mgongoni yangeweza kunasa ukungu huo pia, ila mnyama mdogo namna hii akilowa alfajiri hupoteza joto upesi mno. Kwa hiyo tulimpa shungi la nywele ngumu mkiani, analoliinua kwenye upepo kisha akalilamba.

Kilichotusumbua zaidi ni maziwa, kwani mama anayenyonyesha hutoa maji kila siku. Jibu tulilikuta kwa panya wa kawaida: mama huwalamba watoto wake na kuumeza mkojo wao, na hivyo sehemu ya maji aliyowanyonyesha humrudia.