Je, wajua kwa nini mtoto huhema kileleni Haleakalā, na gari ndilo lililopanda?

Haleakalā ni mlima wa volkano kisiwani Maui, Hawaii, nchini Marekani. Kilele chake kina mita 3,055, na lami inafika hadi juu. Familia huondoka ufukweni, na baada ya saa mbili hivi imeyaacha mawingu chini. Mtoto anashuka garini, anakimbia hatua ishirini, kisha anasimama akihema.

Wengi hudhani kule juu oksijeni imepungua hewani. La, ni ileile asilimia 21 ya ufukweni. Kinachopungua ni mgandamizo. Ufukweni, hewa yote iliyo juu yetu hutulemea kwa uzito wake. Kileleni, karibu theluthi ya hewa hiyo imebaki chini, na mgandamizo ni kama asilimia 70 tu ya ule wa ufukweni. Kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja. Apandaye kwa miguu siku kadhaa huuzoesha mwili wake. Gari halimpi mtu nafasi hiyo.

Tazama pakiti ya krispi iliyo kwenye kiti cha nyuma: inavimba mpaka inakaribia kupasuka. Hewa iliyofungiwa sikioni nayo hutanuka vivyo hivyo, na kumeza mate huifungulia njia. Mtoto mchanga anyonyeshwe njiani, mkubwa apewe maji anywe kidogo kidogo. Mwenye mafua mazito huumia zaidi, maana njia hiyo imeziba. Huyo ni afadhali asubiri siku nyingine.

Pumzikeni nusu saa kwenye ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Haleakalā, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,130. Juu, tembeeni polepole. Kizunguzungu au kichefuchefu kikizidi, dawa ni kushuka, tena mara moja. Aliyezamia baharini kwa mtungi wa hewa asubiri saa 24 kabla ya kupanda, kwani mgandamizo ukishuka, gesi ya naitrojeni iliyobaki mwilini hutoa mapovu.

Baridi ndiyo huwakamata wengi. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo nyuzi 28 za ufukweni huwa karibu 8 kileleni, na alfajiri huwa chini zaidi, upepo ukivuma. Kaptura na ndala hazifai kabisa. Bebeni makoti, kofia, soksi, pia chakula, kwa sababu hifadhini hakuna mgahawa wala kituo cha mafuta. Na anayetaka kuona jua likichomoza lazima aweke nafasi ya gari mapema. Bila hiyo haruhusiwi kuingia kati ya saa tisa usiku na saa moja asubuhi.

Wakati wa kushuka, tumieni gia nzito, yaani ya namba ndogo. Anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zinanuka, kisha zinapoteza nguvu. Chupa tupu ya plastiki iliyofungwa kileleni itafika ufukweni imebonyea, kwa sababu hewa nzito ya chini imeiminya.