Kitukuu, mlango, bin: maneno ya nasaba yanayochanganywa

Anayechora mti wa familia hukwama mapema, na mara nyingi si kwa sababu wazee wamesahau majina. Neno moja limeandikwa mahali pa jingine, kizazi kizima kikarukwa.

Dhana: kitukuu ni mjukuu yeyote wa mbali.

Ukweli: kila ngazi ina jina lake. Mtoto wa mtoto wako ni mjukuu, mtoto wa mjukuu ni kitukuu, mtoto wa kitukuu ni kilembwe. Chini ya hapo wasemaji hawafanani: utasikia kilembwekeza, utasikia kining'ina, na ngazi anayokusudia huyu si lazima iwe ya yule. Basi ukivuka kilembwe, andika neno pamoja na maana yake: "kining'ina, yaani mtoto wa kilembwe." Na ki- ya mwanzo isikuponze. Kitukuu ni mtu: "kitukuu wangu amefika", si "changu kimefika".

Kupanda juu ni kugumu zaidi, maana "babu" limebebeshwa mzigo mkubwa. Ni baba wa baba, ni baba wa mama, ni ndugu zao, ni mzee yeyote wa mtaani. Dawa yake ipo tangu zamani: "babu mzaa baba", "bibi mzaa mama". Ngazi inayofuata itaje kwa njia yake: "baba wa babu mzaa mama". Ni refu, lakini halipotezi mtu. Ukihoji ndugu wa Kenya na wa Tanzania pamoja, kumbuka kwamba bibi wa Mtanzania ni nyanya wa Mkenya, na kwamba Wakenya wengi wakisema "bibi yake" wanamaanisha mkewe. Kosa hilo likiingia kwenye karatasi, mke anageuka kuwa mama wa mzazi.

Dhana: ukoo, nasaba na mlango ni kitu kimoja.

Ukweli: nasaba ni mnyororo wa majina, fulani mwana wa fulani. Ukoo ni kundi la watu wanaojihesabu kutoka kwa mzazi mmoja wa kale. Mlango ni tawi ndani ya ukoo.

Dhana: ukoo wako ni wote waliokuzaa.

Hapa ndipo watu hupotea hasa. Una wazazi 2, babu na bibi 4, juu yao 8, kisha 16. Ukoo wa kuumeni, yaani upande wa baba, unapita kwa mmoja tu kati ya hao 16. Wa kuukeni nao, kama walivyohesabu Wamakonde, Wayao na Waluguru, unapita kwa mmoja tu, mama wa mama wa mama wa mama. Kwa hiyo "sisi ni wa ukoo fulani" ni kweli, ila haijibu swali la asili yako yote. Jambo jingine: wazazi wako wakiwa watoto wa ndugu, ngazi ya watu 8 itatoa watu 6 tofauti. Hakuna aliyesahauliwa, wawili wamehesabiwa mara mbili, kwa baba na kwa mama.

Dhana: jina linalofuata "bin" ni la ukoo.

Ukweli: bin ni "mwana wa", na binti ni "mtoto wa kike wa". Mfano ulio wazi ni mtawala wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1856, Said bin Sultan bin Ahmad bin Said al-Busaidi. Wengi hudhani "Sultan" hapo ni cheo. La, ni jina la baba yake. Ukoo umo mwishoni, al-Busaidi, na ndiyo maana mwanawe aliitwa Barghash bin Said, si Barghash bin Sultan. Jina la kati likipokewa kama la ukoo, baba na mwanawe huonekana wa familia mbili.

Dhana: mtoto yeyote wa ndugu yako ni mpwa.

Kwa mazoea ya leo, sawa. Kwa maana ya asili, mpwa ni mtoto wa dada, na mjomba wake ndiye anayemwita hivyo. Ukiwa mwanamume, mtoto wa kaka yako ni mwanao, nawe ni baba yake mkubwa au mdogo. Binamu nalo limetanuka: chimbuko lake ni mwana wa ami, yaani wa ndugu wa kiume wa baba, leo ni hata binti wa mjomba. Ukisikia "baba yangu", uliza kwanza: aliyekuzaa, mkubwa au mdogo? Na ukisikia "binamu", uliza ni mtoto wa nani.