Faili la gigabaiti 4 ndani ya megabaiti 128

Ukiandika PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, kwa muda, lazima utakutana na namba 134217728. Hizo ni baiti za megabaiti 128, kikomo cha kumbukumbu ambacho PHP huipa skripti usipobadilisha mpangilio, nayo huonekana kwenye ujumbe wa kosa pale skripti inapofia njiani, mathalani ikisoma faili la gigabaiti 4. Wengi hukimbilia kupandisha memory_limit, yaani kikomo hicho. Nawasihi wasifanye hivyo. Faili litakua tena.

Chanzo mara nyingi ni fanksheni za kusoma faili, file_get_contents() au file(). Ya kwanza humeza faili zima kwa mkupuo. Ya pili ni mbaya zaidi: kila mstari huwa kipengele cha safu (array), na kila kipengele hubeba baiti zake za ziada, kiasi kwamba mistari mifupi mifupi huifanya safu iwe kubwa kuliko faili lenyewe.

Dawa ni fopen() ya kufungua faili na fgets() ya kulisoma. Hapo unakabidhiwa mstari mmoja mmoja. Ukimalizana nao, unaofuata unakaa mahali pake. Kumbukumbu sasa haifuati ukubwa wa faili, inafuata urefu wa mstari mrefu kuliko yote. Kwa hiyo jihadhari na JSON (data iliyoandikwa kama maandishi) iliyobanwa isiyo na alama ya mstari mpya: kwa fgets(), gigabaiti zote 4 ni mstari mmoja. Iwekee fgets() kikomo cha urefu, au soma vipande kwa fread().

Kitanzi (loop) ninachokiamini, $f ikiwa faili lililofunguliwa, ni hiki:

while (($mstari = fgets($f)) !== false)

Usiondoe !== false. Ukiiondoa, na faili likaishia kwa mstari wenye 0 tupu bila alama ya mstari mpya, PHP huihesabu hiyo 0 kuwa si kweli na mstari unapotea kimyakimya. Niliwahi kuitafuta rekodi moja iliyopungua siku nzima kwa sababu hiyo. Nayo while (!feof($f)), inayouliza kama faili halijaisha, huzunguka mara moja zaidi, kwani feof() haijui mwisho mpaka usomaji ugonge ukuta.

Tangu PHP 5.5 ya mwaka 2013 kuna yield, inayotoa thamani moja moja na inayokuwezesha kukificha kitanzi hiki ndani ya fanksheni na kuipitia kwa foreach. Ila ukiipitisha kwenye iterator_to_array(), inayokusanya yote kwenye safu, umerudi kwenye file().

Mwishoni mwa skripti chapisha memory_get_peak_usage(), yaani kilele cha kumbukumbu iliyotumika, kwanza kwa faili dogo, kisha kwa kubwa. Namba ikipanda pamoja na faili, itafute safu unayoijaza ndani ya kitanzi.