Barafu inayoelea na barafu iliyo nyuma yake

Wapo wanaosema kwamba kuvunjika kwa mabamba ya barafu yanayoelea pembezoni mwa Antaktika hakuwezi kuinua usawa wa bahari, kwa kuwa kitu kinachoelea kimekwisha kusukuma maji yanayolingana na uzito wake, kama kipande cha barafu ndani ya bilauri. Kwa bamba lenyewe hesabu hiyo ni karibu sahihi. Kosa ni kusahau kilichoko nyuma yake. Bamba hujibana kwenye kuta za ghuba na kukwama juu ya miinuko ya sakafu ya bahari, na ukinzani huo huizuia barafu ya nchi kavu, ambayo bado haijaingia majini, isiteremke kwa kasi.

Mwanzoni mwa 2002 bamba la Larsen B, kwenye Rasi ya Antaktika, lilipoteza takriban kilomita za mraba 3,250 katika wiki chache, na kufikia 2003 mito ya barafu (barafu ya nchi kavu inayoteremka taratibu kuelekea baharini) ya Hektoria, Green na Evans, iliyokuwa nyuma ya bamba hilo, ilikuwa ikitiririka mara nane ya mwendo wake wa 2000. Jirani zake, Flask na Leppard, iliyobakiwa na kipande cha bamba mbele yake, haikuongeza kasi wakati huo, ingawa (na hili ndilo la kuzingatia) joto lililoipata lilikuwa la eneo lile lile.