Je, wajua kwa nini kipanga alikaribia kutoweka Uingereza, kisha akarudi?

Kipanga tunayemzungumzia, Accipiter nisus, ni ndege wa msituni. Mabawa yake ni mafupi na mkia wake mrefu, ndiyo maana hupenya katikati ya miti kwa kasi na kumnyakua shomoro kabla hajashtuka. Karibu chakula chake chote ni ndege wenzake. Shika hilo, maana ndiko balaa lilikopitia.

Bunduki hazikummaliza. Walinzi wa mashamba ya ndege wa kuwindwa, kama kware, walimwua kwa miaka mingi, naye akadumu. Walinzi hao walipoitwa vitani, akaongezeka. Kilichomwangusha kilikuja kimyakimya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwanza DDT, dawa ya kuua wadudu, ikaanza kunyunyiziwa mashambani. Halafu, katikati ya miaka ya 1950, wakulima wakaanza kupanda mbegu za nafaka zilizopakwa aldrini na dieldrini, nazo ni dawa za kuua wadudu. Njiwa waliookota mbegu hizo walikufa kwa wingi, na kipanga aliyewala walegevu akameza sumu yote waliyoikusanya. Katika miaka michache tu, mashariki mwa Uingereza, penye mashamba mengi ya nafaka, akawa karibu haonekani kabisa.

DDT ilifanya kazi kwa njia nyingine. Mwilini hugeuka kuwa DDE, ambayo hukaa kwenye mafuta miaka na miaka na kuzuia chokaa isifike vizuri kwenye ganda la yai. Jike wa kipanga ni mkubwa kuliko dume, na ndiye anayeatamia. Akilalia yai lenye ganda jembamba, linavunjika chini ya kifua chake mwenyewe.

Ilijulikanaje? Hapa ndipo ninapoipenda sana habari hii. Derek Ratcliffe, mtaalamu wa viumbe, aliyaendea makasha ya wakusanyaji wa mayai ya zamani. Mayai yale yalikuwa yametobolewa kitundu na kupulizwa mpaka yakabaki maganda matupu. Akapima uzito wa kila ganda, akaulinganisha na urefu na upana wake. Mwaka 1967 alitangaza alichokikuta: kuanzia mwaka 1947 hivi, wakati DDT ilipoanza kuenea, maganda yalikuwa yamekuwa mepesi ghafla. Kitu kilichokusanywa kwa mapambo kikawa ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuupinga kirahisi.

Dawa hizo hazikuondolewa siku moja. Masharti yalianza mwaka 1962, yakakazwa hatua kwa hatua hadi DDT ikapigwa marufuku katika miaka ya 1980. Kipanga naye alirudi kwa hatua. Magharibi na kaskazini, kwenye malisho, alijaa mapema. Mashariki kwenye nafaka alichelewa sana, akarudi kadiri sumu ilivyopungua ardhini. Kufikia miaka ya 1990 alikuwa akiwinda hata katika bustani za mijini.

Lakini hesabu haikuishia hapo. Tangu mwaka 1994 maelfu ya watu wa kujitolea huamka alfajiri kila msimu wa kuzaliana na kuhesabu ndege kwenye maeneo waliyopangiwa, na takwimu zao zinaonyesha kipanga ameanza tena kupungua. Mwaka 2021 aliwekwa kwenye orodha ya rangi ya kaharabu, ya ndege wanaohitaji kuangaliwa kwa karibu.