Kebo za mtandao: yanayosemwa na ukweli wake

"Mradi rangi za nyaya zifanane pande zote mbili za kebo, mpangilio wowote unafaa."

Dhana hii ndiyo inayoharibu mitandao mingi, kwa sababu testa ya taa huipitisha. Taa zote nane zinawaka kwa zamu, fundi anakusanya vifaa vyake na kwenda zake. Lakini nyaya zile nane ni jozi nne zilizosokotwa, ili kelele ya umeme iziingie nyaya mbili za jozi kwa kiasi kimoja na kifaa kinachopokea kiweze kuiondoa. Pini ya 3 na ya 6 za konekta (kichwa cha kebo) lazima zipate nyaya za jozi moja. Ukipanga tu chungwa, kijani, bluu na kahawia kwa kufuatana, pini hizo zinapata nyaya za jozi mbili tofauti, na msokoto unakuwa kazi bure. Testa ile hupima kama umeme unapita, basi. Utakuja kushangaa mbona swichi ya mtandao ya gigabiti (Gbps 1, yaani Mbps 1,000) inasoma Mbps 100, au mtandao unakatikakatika. Fuata T568B au T568A, mipangilio miwili sanifu ya rangi. Kwa kasi hazizidiani. Chagua moja, utumie hiyo jengo zima.

"Imeandikwa Cat6, basi ni Cat6."

Cat6, kama Cat5e, ni daraja la kebo, na maandishi peke yake hayatoshi. Kata kipande, kisha ukwangue waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ile inayoandikwa CCA, na viwango vya Cat5e na Cat6 haviikubali. Alumini ina ukinzani mkubwa kuliko shaba na hukatika upesi ikikunjwa. Kwa kamera zinazopata umeme kupitia kebo hiyohiyo (PoE), volti hupungua njiani na kebo hupata joto. Boksi lake huwa jepesi na bei yake huvutia, lakini usilifukie ukutani. Afadhali Cat5e ya shaba tupu.

"Namba kubwa, intaneti kasi."

Kama kifurushi chako ni Mbps 20, Cat8 haitakuongezea hata moja. Cat5e hubeba Gbps 1 hadi mita 100, na tangu 2016 kipo kiwango kinachoiruhusu kufikia Gbps 2.5. Cat6 hufika Gbps 10 kwa takriban mita 55, na Cat6A kwa mita 100 kamili. Cat8 ilitengenezwa kwa ajili ya vituo vya data, na Gbps 40 zake zinaishia mita 30. Kwa nyumba inayojengwa leo ningelaza Cat6.

"Yenye karatasi ya chuma ndani ni bora daima."

Ngao hiyo inahitaji konekta za chuma na kuunganishwa na ethi. Bila hivyo umelipia bure, na nyumba ya kawaida haiihitaji.

"Mita 100 ni za ukutani tu."

Ni jumla: mita 90 za kebo iliyolazwa, na 10 zinazobaki ni za vipande vya kuunganishia swichi na kompyuta.